Mahindi Ndani, Dumuzi Nje: Vidokezo 12 vya Kulinda Mavuno Yako

Umelima. Umepalilia mara mbili. Umeamka alfajiri kufukuza ngedere, na usiku umelala jicho moja ukiwaza nguruwe pori. Sasa mahindi yako uani, na kila anayepita barabarani anakusalimia kwa heshima mpya. Hongera sana, umestahili!

Ila usinyooshe miguu bado. Wapo wengine ambao nao walikuwa wanayasubiri mavuno haya: fukusi, dumuzi, panya, ukungu, na yule mnunuzi anayepiga hodi Julai na mizani yake, wakati bei imelala. Huyu wa mwisho ndiye mjanja kuliko wote. Anajua utauza haraka kwa hofu kwamba mahindi yatabunguliwa, na hofu yako ndiyo faida yake. Mkulima wa Mbinga au Mbozi ambaye mahindi yake yanafika Januari yakiwa mazima hana sababu ya kubembelezana naye. Na kuyafikisha Januari si uchawi, wala hakuhitaji ghala la serikali. Twende kazi!

1. Hesabu ya sufuria kwanza, ya soko baadaye

Kabla gunia la kwanza halijapakiwa kwenye bodaboda, kaa chini na mwenye jiko lake mpige hesabu. Nyumba yenu inasaga debe ngapi kwa mwezi? Tuseme 2. Mavuno hadi mavuno ni miezi 12, basi ni debe 24. Gunia moja ni debe 6, kwa hiyo hapo unahitaji magunia 4. Ongeza 1 la wageni, misiba, na yule shemeji aliyesema anakuja siku tatu akakaa wiki tatu. Hayo 5 yawekee alama na uyaweke kando. Hayauzwi, hata mnunuzi aje na soda baridi. Yanayobaki ndiyo ya biashara, na hayo ndiyo utakayoyapangia muda wa kuuza. Dakika kumi tu, na tayari umeshapunguza nusu ya presha.

2. Sikiliza hindi, si jirani

Jirani ameanza kuvuna, na wewe mikono inakuwasha. Subiri. Menya hindi moja, ng'oa punje, kisha tazama kitako chake, pale ilipokuwa imeshikana na gunzi. Kwangua kidogo kwa kucha. Ukikuta doa jeusi, punje imekomaa. Mmea umeshafunga duka, hakuna chakula kingine kinachoingia. Maganda yakikauka na hindi likainamisha kichwa, mambo yameiva.

Lakini pia usiyaache shambani mwezi mzima yajikaushe yenyewe ukidhani umeokoa kazi. Fukusi ana mabawa. Anaruka kutoka ghalani hadi shambani, anataga mayai ndani ya punje, halafu wewe mwenyewe unampakia kwenye mkokoteni na kumleta nyumbani. Nauli bure, chakula bure, malazi bure!

3. Mahindi na udongo visikutane

Ukungu unaotengeneza sumukuvu makazi yake ni udongoni. Ukianika mahindi chini, umewakutanisha wawili ambao hawakupaswa hata kujuana. Tumia turubai au mkeka, au jenga kichanja cha miti kimo cha kiuno, ambacho kina faida ya ziada kwamba hata kuku hawakifikii. (Hawakifikii kwa urahisi, tuseme. Kuku wa kienyeji ana mbinu zake.)

Tandaza tabaka jembamba, lisizidi unene wa vidole viwili vilivyolazwa, na uligeuze kila baada ya saa moja hivi. Kazi hiyo wape watoto, wachore mistari kwa reki, wataifanya kwa kushindana. Jioni kunja turubai juu ya mahindi kabla umande haujashuka, maana umande wa usiku mmoja unaweza kurudisha unyevu uliouhangaikia mchana kutwa.

Turubai ni ghali? Changeni majirani wanne na mpangiane zamu. Watu huchangia turubai la msiba bila kuambiwa mara mbili. La mahindi linashindikana vipi? Na tafadhali, barabara ya lami si uwanja wa kuanikia. Najua inapata moto vizuri. Inapata pia mafuta ya magari, vumbi, na lori linaloshuka bila breki.

4. Chupa ya soda ni maabara

Hiki ndicho kidokezo ninachokipenda kuliko vyote, na ukisoma kimoja tu leo, soma hiki. Adui mkubwa wa mahindi ghalani ni unyevu. Ukungu unataka unyevu, wadudu huzaliana vizuri zaidi kwenye unyevu, hata dawa hufifia haraka kwenye mahindi mabichi. Mahindi ya kuhifadhi yanatakiwa yawe na unyevu wa asilimia 13.5 au chini ya hapo. Sasa utajuaje, wakati hujui hata kipima unyevu kinafananaje?

Chukua chupa safi ya kioo, kavu kabisa, yenye kifuniko. Kaanga chumvi kidogo kwenye kikaango ili ikauke, kisha iache ipoe. Jaza mahindi theluthi moja ya chupa, tia vijiko 2 au 3 vya chumvi, funga, tikisa kwa dakika moja kama unachanganya dawa ya kikohozi. Weka chupa mezani, subiri robo saa. Sasa itazame. Chumvi ikiganda kwenye kuta za chupa kama ukungu wa kioo cha gari asubuhi, mahindi yako yana unyevu zaidi ya asilimia 15, yarudishe juani. Chumvi ikianguka yote chini na kioo kikabaki safi, umeshuka chini ya 15.

Umeona ujanja uliopo hapo? Chupa inakuambia kuhusu 15, na wewe unataka 13.5. Kwa hiyo chupa ikikupitisha, usishangilie bado. Ongeza siku moja au mbili za jua kali, ndipo ufunge. Wazee wana kipimo chao cha meno: punje kavu inavunjika kwa mlio, mbichi inabonyea. Kipimo kizuri, ila meno ya kila mtu yana maoni yake.

Mimi mwenyewe nilishajifanya mjuaji. Mwaka mmoja nilifunga magunia manne baada ya siku mbili za jua, kwa kuwa punje zilikuwa zinang'aa na kiganja changu kikaniambia "tayari". Wiki ya tatu nikazamisha mkono katikati ya gunia. Kulikuwa na joto kama mkate uliotoka kwenye tanuri, na harufu ya nguo zilizosahauliwa kwenye beseni. Punje za katikati zilikuwa zimeshikana mafungu mafungu, zina vumbi la kijani. Chupa ya soda ilikuwepo jikoni siku zote, tupu, inanitazama.

5. Pukuchua bila hasira

Tunajua raha ya kujaza mahindi kwenye kiroba na kukishindilia fimbo mpaka jasho litoke. Tatizo ni kwamba kila punje inayopasuka ni mlango ulioachwa wazi: ukungu unaingia, wadudu wadogo wasioweza kutoboa punje nzima nao wanaingia. Kama huna mashine ya kupukuchulia, pukuchua kwa mkono jioni mkipiga hadithi, au tafuta kile kipukuchuzi kidogo cha mkono chenye meno ndani. Ukitumia mashine, hakikisha mahindi yamekauka kwanza, maana mabichi hupondeka.

Na kama una desturi ya kuhifadhi mahindi yakiwa bado kwenye magunzi, juu darini, sikia hili. Dumuzi anapenda mahindi ya kwenye gunzi kuliko yaliyopukuchuliwa, kwa sababu punje iliyoshikiliwa na gunzi haichezi anapoitoboa. Ukimwaga punje kwenye gunia, unamharibia kazi kabla hata hujanunua dawa. Ushindi wa bure huo!

Baada ya hapo pepeta, kisha chagua. Toa zilizovunjika, zilizobadilika rangi, zilizonyauka, zenye kuvu. Sumukuvu huwa imejikusanya kwenye punje chache mbovu, kwa hiyo kila punje mbaya unayoitupa inasafisha sehemu kubwa ya gunia kuliko ukubwa wake.

6. Fagia ghala kama unamsubiri mama mkwe

Mahindi mapya yasikutane na ya zamani. Wiki mbili kabla ya kuvuna, toa kila kitu ghalani, fagia kuta, pembe, na nyufa, kisha ziba nyufa kwa udongo au saruji. Takataka zake zichome. Ule ujazo wa kiganja wa mahindi ya mwaka jana yaliyobaki kwenye kona ndio hosteli ya fukusi. Wamekaa humo wanahesabu siku.

Magunia ya zamani yatumbukize kwenye maji yanayochemka, kisha uyaanike yakauke kabisa. Mfuko uliokuwa na mbolea au dawa usiutie chakula, hata ukiufua mara saba.

7. Mjue mwizi kwa alama zake

Usipigane na mtu usiyemjua. Wageni wawili ndio wanaosumbua zaidi.

Fukusi ni mdogo, milimita 3 au 4, mweusi au wa kahawia, na ana mdomo mrefu uliochomoza kama mkonga. Kwa mdomo huo anatoboa punje, anataga yai ndani, kisha anaziba tundu. Kwa nje huoni kitu. Kwenye joto letu, baada ya wiki 5 hivi mdudu mpya anatoka kupitia tundu la mviringo, na mchezo unaanza upya. Ndiyo maana gunia "safi" la Julai linakuwa uwanja wa mpira ifikapo Septemba.

Dumuzi ni balaa la aina nyingine. Ana umbo la kipande kidogo cha mwanzi, kichwa kimejificha chini ya mabega, ukimtazama kwa juu utadhani hana kichwa. Si wa hapa. Asili yake ni Meksiko na Amerika ya Kati, na kwetu alianza kuripotiwa Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980. Kufikia 1983 alikuwa ameshavuka hadi Taita-Taveta, Kenya. Wakulima wa Tanzania wakamwita Scania, kama lile lori, na Wakenya baadaye wakampa jina la Osama. Ukisikia mdudu kapewa majina hayo, usiulize tabia yake. Mahindi yaliyohifadhiwa kwenye magunzi yanaweza kupoteza hadi theluthi ya uzito wake ndani ya miezi 3 hadi 6. Piga hesabu: umeweka magunia 9, unakuta 6.

Alama yake ni unga. Fukusi huacha matundu na vumbi kidogo, lakini dumuzi anasaga. Ukichota kiganja cha mahindi na mkono ukatoka mweupe kama umetoka mashineni, ni yeye. Anatoboa hata mbao, mihogo mikavu, na nguzo za kihenge. Bibi yangu alikuwa na kipimo chake: usiku, nyumba ikiwa kimya, anaegemeza sikio kwenye gunia. Ukisikia krr-krr-krr, alisema, wanakula na hawajakukaribisha.

8. Mnyime pumzi

Hapa ndipo mambo yanakuwa matamu. Mdudu anahitaji hewa kama wewe. Ukimfungia mahali ambapo hewa haiingii, anaimaliza iliyomo kwa kupumua kwake mwenyewe, kisha anakufa. Hakuna dawa, hakuna harufu, na ugali unaliwa siku yoyote. Teknolojia hii inauzwa madukani kama mifuko ya PICS, wengine huiita mifuko ya kinga njaa: mifuko miwili ya nailoni nzito, mmoja ndani ya mwingine, na kiroba cha kawaida nje yake. Ilianzia Cameroon miaka ya 1980, ikiwa suluhisho la kunde, kupitia watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani. Baadaye watu wakagundua kwamba mahindi nayo hayana ubaguzi.

Mfuko wenyewe ni rahisi kuutumia, lakini una masharti kama mganga. Kwanza upime: ujaze hewa, usokote mdomo, uubane. Ukisinyaa, una tundu. Au uvae kichwani kama kofia na umulike kwa tochi ya simu kutoka nje. Majirani watacheka, nawe utaliona tundu. Hakikisha mahindi ni makavu na hayana vipande vya magunzi, maana ncha zake hutoboa. Kama yametoka juani, yaache yapoe kwanza. Yakifungwa moto hutoa jasho.

Jaza mfuko wa ndani kidogo kidogo ukitikisa na kushindilia ili hewa isibaki, lakini acha nafasi ya kutosha juu ya kufungia. Kamua hewa, sokota shingo mpaka ikaze, ikunje, funga kwa kamba au mpira. Kisha mfuko wa pili, hivyo hivyo. Kisha kiroba, hivyo hivyo. Mafundo matatu, usiruke hata moja.

Sasa sharti gumu kuliko yote: usifungue! Acha angalau mwezi mmoja, na ikiwezekana miezi miwili. Kila ukifungua "nione tu", unawaletea wafungwa hewa. Mahindi ya kula kila siku yatenge kwenye gunia dogo la pembeni, ili mkono wa mtu usiufikie mfuko huu. Ndiyo, bei yake ni kubwa kuliko kiroba cha kawaida, lakini ukiutunza bila kuutoboa unautumia msimu wa pili na hata wa tatu. Usipoupata, dumu la maji au pipa safi lenye kifuniko kinachobana hufanya kazi ileile, ilimradi lijae hadi juu na halikuwahi kubeba mafuta wala sumu. Kihenge cha chuma nacho ni kizuri mno, panya hakitoboi, ila mfuko wa fedha lazima uwe na misuli.

9. Ukiamua dawa, isome kabla ya kuinyunyiza

Wapo wanaopenda dawa ya unga, na hakuna dhambi. Nyingi zinazouzwa kwa ajili ya nafaka huchanganya viambato viwili, pirimifosi-methili kwa ajili ya fukusi na permethrini kwa ajili ya dumuzi. Kimoja peke yake hakiwawezi wote. Kipimo kilichozoeleka ni gramu 100 kwa gunia la kilo 100, lakini mwenye neno la mwisho ni lebo ya pakiti uliyoshika, pamoja na siku za kusubiri kabla ya kula. Nunua duka la pembejeo linalojulikana, uliza kama dawa imesajiliwa na TPHPA, mamlaka ya afya ya mimea na viuatilifu, tazama tarehe ya mwisho wa matumizi. Mwaga mahindi kwenye turubai, nyunyiza, changanya kwa koleo mpaka kila punje ipate. Funika pua na mdomo, vaa glavu, na watoto wakae mbali.

Mambo mawili hayana mjadala. Dawa ya nyanya au pamba haiingii kwenye chakula, kamwe. Na vile vidonge vya kufukizia vinavyouzwa kimyakimya sokoni usivitie kwenye gunia lililo ndani ya nyumba ya kulala. Vinatoa gesi ya fosfini inayoua watu pamoja na wadudu. Hiyo ni kazi ya wataalamu.

Majivu na majani ya mwarobaini? Wazee walivitumia na vinasaidia kiasi, hasa kwa fukusi na kwa mahindi machache. Mbele ya dumuzi, mimi nisingeweka dau langu hapo.

10. Gunia halilali chini

Sakafu inapandisha unyevu hata kama ni ya saruji. Panga magunia juu ya chaga au mbao zilizowekewa matofali, na acha nafasi ya hatua moja kutoka ukutani ili hewa ipite na wewe upite na tochi. Paa likivuja, rekebisha leo, si mvua ikianza. Basi, kidokezo kimeisha.

11. Panya: mpe sababu ya kuhamia kwa mwingine

Kama una kihenge cha nje, kiinue juu ya nguzo za mita moja hivi, na kila nguzo ivalishe kofia ya bati iliyopinduka kama mwavuli. Panya hupanda hadi hapo, anaangalia juu, anakata tamaa. Fyeka majani kukizunguka, kata tawi la mwembe linaloning'inia juu ya paa, na usiegemeze ngazi hapo usiku kucha. Usimjengee panya daraja. Paka ni msaidizi mzuri, mradi usimshibishe dagaa. Sumu ya panya isikae ghalani karibu na chakula.

Na kwa wenye mifuko ya PICS: panya akitoboa, hewa imeingia, kazi yote imeharibika. Usafi wa ghala ndio mlinzi wa mfuko.

12. Usimpe kuku usichokula wewe, na uandike tarehe

Hapa tuweke utani pembeni kidogo. Mwaka 2016, mikoa ya Dodoma na Manyara ilipata mlipuko wa sumukuvu uliowagusa watu 68, na 20 kati yao wakafa. Kenya, mwaka 2004, Ukambani na maeneo ya jirani, waliougua walikuwa 317 na waliokufa 125. Chanzo kilikuwa mahindi yaliyoota ukungu. Sumukuvu haiuliwi na moto wa kawaida wa jikoni: kuchemsha hakuiondoi, kuchoma hakuiondoi, na kuyageuza pombe hakuyasafishi. Kukoboa hupunguza, lakini hakubadilishi mahindi mabovu kuwa mazuri. Ukimpa kuku, anadhoofika au anakufa; ukimpa ng'ombe wa maziwa, sumu inarudi kwako kwenye kikombe cha chai. Mahindi yaliyoota kuvu yafukie au yachome, mbali na mifugo. Inauma, najua. Nilifukia yale yangu huku nikihesabu kila debe.

Ili usifike huko, kagua. Gunia la kawaida lipitie kila baada ya wiki 2: zamisha mkono hadi kwenye kiwiko, sikilizia joto, nusa, kisha utazame kiganja chako kama kina unga. Dakika mbili kwa gunia. Ukikuta joto, mwaga juani siku hiyohiyo. Ukikuta wadudu wachache, pepeta, anika, kisha hifadhi upya kabla hawajaitana ukoo. Mifuko ya PICS usiifungue. Ikague kwa nje tu, kama kuna tundu au alama ya meno.

Na kwa kuwa wiki mbili hupita kama siku mbili ukiwa na shughuli zako, chukua kalamu ya wino mzito, andika tarehe kwenye kila gunia leo hii kabla hujalala, kisha tega kengele kwenye simu yako kwa siku ya 14 kuanzia sasa.